Ziada na Maji ya Tumboni mwa Mlima

Watu wa Rinkeby, kitongoji cha Stockholm, waliomfahamu Ziada Mrisho miaka ile ya sabini hawakubaliani mambo mengi juu yake, ila hili moja hawabishani: Kiswidi chake kilianzia mahali ambapo lugha ya mtu haianzii. Wenzake walianza na salamu, wakaja kwenye bei ya viazi, wakamalizia na hali ya hewa. Ziada alianza na majina ya mawe.

Alikuwa mtu wa Kilosa, mtoto wa nne wa fundi cherehani aliyekaa jirani na stesheni ya reli. Mwaka 1969 aliletwa Stockholm na familia ya Kiswidi iliyomaliza mkataba wake Morogoro. Yeye alikuwa yaya wao, na nyumbani mle kila mtu, hata yule kitinda mimba aliyekuwa ndiyo kwanza anaota meno, alizungumza naye Kiswahili. Watoto wakubwa walipoanza shule na yule mdogo akapelekwa chekechea, akaagana nao kwa wema, akapata kazi katika idara ya kufulia nguo ya hospitali moja kubwa. Huko nako lugha haikumfikia. Mashine zilinguruma kutwa, na wafanyakazi wakasemezana kwa vidole: viwili mashuka, vitatu mataulo, ngumi mapumziko. Basi mwaka wa tatu ukamkuta Ziada anaijua Stockholm vizuri kwa miguu na haijui kabisa kwa mdomo.

Msimamizi wake, mama mmoja mnene mwenye huruma, ndiye aliyeona haifai. Siku moja ya Septemba 1972 alimwandikia kwenye kikaratasi anwani ya chuo cha watu wazima, akaongeza Jumanne, saa kumi na mbili jioni, na neno moja la kulitafuta mlangoni: grunden, yaani msingi.

Chuo chenyewe kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya maktaba. Mlangoni palikuwa na matangazo mawili yamebandikwa ubavu kwa ubavu, yote ya Jumanne, yote ya saa kumi na mbili. La kwanza lilisema Svenska från grunden, Kiswidi kuanzia kwenye msingi. La pili lilisema Berggrunden och bruken, mwamba wa msingi na viwanda vya kale. Ziada aliliona neno lake limejikalia katikati ya hilo la pili, akamshukuru Mungu, akaingia chumba cha pili.

Aliwakuta wazee kumi na mmoja wamezunguka meza. Juu ya meza palikuwa na chupa tatu za kahawa, sinia la maandazi ya mdalasini, na jiwe. Kiongozi wao, mwalimu mstaafu aliyeitwa Torborg Hallin, mrefu, mkavu, nywele nyeupe zimekatwa hadi masikioni, alilinyanyua lile jiwe, akalitaja jina, akampa wa kuume kwake. Kila mmoja akalishika na kulitaja. Lilipomfikia Ziada, akalipakata kama mtoto, akaitazama ile mistari yake ya kijivu na ya waridi, akasema: gnejs. Meza nzima ikapiga makofi.

Ziada akaona hapa ndipo. Mwalimu anashika kitu, anakitaja, unakishika, unakitaja. Hata Kilosa darasa la kwanza walifundishwa vivyo hivyo. Tena hapa palikuwa na maandazi.

Kosa liligundulika Jumanne ya tatu, Bibi Torborg alipopitia orodha ya majina na kukuta wazee kumi na mmoja, yeye mwenyewe akiwamo, na mtu mmoja asiyeandikwa. Alimshika Ziada mkono kwa upole, akampeleka chumba cha jirani, akamfungulia mlango. Mle ndani watu ishirini walikuwa wamepangwa mistari, wanarudia kwa sauti moja kwamba hii ni kalamu, kwamba kalamu iko mezani, kwamba meza si kalamu. Mmoja alikuwa amesinzia na kidevu chake kimeegemea daftari. Ziada alisimama mlangoni kama dakika moja, kisha akageuka, akarudi kwenye mawe yake, akakaa. Bibi Torborg akaliandika jina lake chini ya orodha, namba kumi na mbili.

Huyo "Bibi" naye alikuwa wa Ziada. Siku zile Waswidi walikuwa wamefuta heshima zote za kuitana, mdogo na mkubwa ni jina tupu. Ulimi wa Ziada ulikataa katakata. Mtu ana miaka sabini, umwite Torborg kama unamwita mbuzi? Akawa Bibi Torborg, na jirani yake wa upande wa pili akawa Mzee Evald, na baada ya mwezi mmoja wazee wale wote wakawa wanaitana bibi na mzee, kwa Kiswahili, wakiyafurahia maneno hayo kama peremende mdomoni.

Mzee Evald alikuwa fundi chuma mstaafu, mfupi, mwenye kofia ya kijivu asiyoivua ila mezani. Babu yake alikuwa mhunzi wa mwisho katika bonde walilokuwa wakijifunza habari zake. Ziada alipofahamu hilo, alitafuta maneno Jumanne mbili nzima, ndipo akafaulu kumweleza: kwao anayepiga nguo majini na anayepiga chuma motoni wana kitenzi kimoja, wote wanafua. Kwa hiyo yeye wa mashuka na babu wa nyundo ni wafuaji. Mzee Evald alisikiliza, akatikisa kichwa taratibu, na tangu siku hiyo akimwona mlangoni humsogezea kiti kama mtu amsogezeaye mwenzake wa kazi.

Somo lililomfungua Ziada akili lilikuwa la mkate. Bibi Torborg alichukua mkate mkavu, ule wa Waswidi unaovunjika kama kigae, akaukata kwa mikono miwili, kisha akazisugua nusu zile zikipishana, moja ikipanda na nyingine ikishuka. Makombo yakamwagika katikati. Akasema mwamba wa kusini mwa jiji nao ulifanya hivyo zamani sana: ulikatika, pande mbili zikasuguana, na katikati pakabaki ufa uliojaa mwamba uliosagika. Baadaye ikaja barafu nene, ikapita juu yake ikikwangua. Hapo Bibi Torborg akayapuliza makombo, fuu, yakamrukia Mzee Evald kifuani. Kilichobaki mezani kilikuwa nafasi nyembamba yenye kuta mbili wima. Hiyo, akasema, ndiyo Smedklyftan, korongo la wahunzi.

Ndani ya korongo lile mto mdogo utokao ziwani hushuka mita kumi na saba katika mwendo wa hatua mia mbili, halafu unaingia kwenye ghuba tulivu kama beseni. Ziada aliufikiria mto wa kwao, Mkondoa. Ulikuwa na maji mara kumi zaidi, lakini ulitembea kama mtu asiye na shughuli, na masika yakija unahama kitanda na kuhamisha nyumba za watu. Nani angefunga mashine kwenye mto wa namna hiyo? Huu wa Smedklyftan haukuwa na pa kuhamia. Ule ufa ulikuwa umeubana mbavu, ukaulazimisha kuangukia mahali pamoja karne na karne. Ndiyo sababu watu walikuja. Chuma hakikuchimbwa pale, kililetwa kwa mashua kutoka mbali, na makaa yalitoka msituni. Kilichowavuta ni anguko la maji lisilochoka, lenye kasi hata baridi ya Januari inachelewa kuligandisha, na ghuba ya kupakia mzigo palepale chini. Kwanza kikajengwa kinu cha nafaka, kikafuata kiwanda cha kufua chuma chenye nyundo nzito kama ng'ombe inayoinuliwa na gurudumu la maji, kisha kiwanda cha misumari na cha karatasi. Kijiji kizima kilining'inia kwenye ule ufa.

Ziada alirudi nyumbani siku hiyo akitembea upande upande kama mtu aliyelewa. Alikaa chumba kimoja na Wilkister, mwanamke wa Kisumu aliyekuwa msaidizi wa wauguzi katika hospitali ileile. Wilkister alikuwa amekuja kumfuata mume mwanafunzi. Mume akahama, yeye akabaki, na kicheko chake kikabaki naye. Ziada alimshika pale jikoni, akamvunjia mkate mkavu wote uliokuwa kabatini ili kumwonyesha dunia ilivyokatika.

"Wewe Ziada," Wilkister akamwambia akifagia makombo, "hiyo si lugha, hiyo ni timbo la mawe. Sasa ukienda duka utaitisha nini, changarawe?"

Hakuwa mbali na ukweli. Wiki hiyohiyo Ziada alikwenda dukani kutafuta chumvi. Neno la chumvi hakulijua, na pakiti zenyewe hakuziona. Akamweleza muuzaji kwa Kiswidi safi kabisa kwamba anataka madini meupe yayeyukayo majini. Muuzaji alimtazama kwa heshima kubwa, akamletea magadi ya kufulia. Wali wa siku hiyo Wilkister aliusimulia Rinkeby nzima, na mpaka Pasaka watu walikuwa wakimpita Ziada sokoni na kumwuliza mawe yameamkaje. Yeye alicheka nao. Alikuwa amekaa kimya miaka mitatu. Hata kuchekwa kulikuwa kama kuitwa jina.

Katika chumba cha mawe palikuwa na ugomvi mmoja wa zamani. Juu ya ukingo wa kushoto wa Smedklyftan, kwenye jukwaa la mwamba, kulikuwa na magofu ya kiwanda cha kwanza kabisa cha kufua chuma. Msingi wake ulionekana, na shimo la gurudumu lilionekana. Mfereji wa kuleta maji haukuonekana popote. Jukwaa lile liko juu ya mto, na kati yake na bwawa dogo lililo juu zaidi kuna mwamba mtupu, hata alama ya sururu hakuna. Sasa gurudumu lilizungushwa na nini?

Bibi Torborg alisema palikuwa na mfereji wa mbao uliopita juu ya nguzo, ukaoza. Mzee Evald alisema babu yake alimwambia, naye akiwa na umri wa miaka saba, kwamba maji ya kiwanda cha kwanza yalitoka tumboni mwa mlima. Bibi Torborg alisema kwa upole kwamba babu wa Evald alikuwa na umri wa miaka tisini siku hiyo. Walikuwa wamelisema hilo kwa miaka arobaini, tangu walipokutana kwenye chama cha historia ya kijiji wakiwa vijana, na kila mwaka walilisema kwa upole zaidi na kwa uchungu zaidi. Ziada, akiwa bado anaokoteza maneno, alielewa tu kwamba wazee wawili anaowapenda hupoa kama chai kila inapofika ramani ya ukingo wa kushoto.

Jumapili ya kwanza ya Mei 1973 wakaenda wote kuliona korongo lenyewe. Wilkister naye alikuja, ili, alivyosema, akayaone hayo mawe yanayomchekesha mwenzake usingizini. Walipanda basi lililopita Hallunda, ambako maghorofa mapya yalikuwa bado yananuka saruji, wakateremka mahali ambapo hapakuwa na kitu ila misonobari na kelele.

Ilikuwa kelele ya maji. Theluji ilikuwa imeyeyuka yote kwa pamoja, ziwa limejaa pomoni, na mto ule mdogo waliousoma kwa kahawa na mkate ulikuwa unashuka mzimamzima, mweupe, unatetemesha ardhi chini ya viatu. Ziada aliliingia korongo akagusa ukuta wa kulia, akagusa wa kushoto, akaanza kuita kwa sauti kila kitu alichokijua: gnejs, ufa, mwamba uliosagika. Wazee nyuma yake wakaitikia kama wanakwaya. Na pale kushoto, juu ya bwawa, akaona ukanda wa jiwe jeusi, mpana kama mlango, umepita katikati ya mwamba wa mistari kama mshipa. Bibi Torborg akamwambia jina lake na kwamba jiwe hilo lina tabia ya kupasukapasuka vipande vya mraba. Ziada akalirudia jina mara tatu ili limkae.

Wakaketi juu kando ya bwawa kula. Ziada alikuwa amechukua kanga, mpya, nyekundu, aliyotumiwa na dada yake, yenye maneno Mtasema mchana, usiku mtalala. Akaikung'uta ili aitandike. Upepo wa korongo ukaipokea mikononi mwake, ukaipandisha juu ya vichwa vya watu, ukaizungusha, ukaibwaga katikati ya bwawa. Ikazunguka mara moja, mara ya pili, ikasogea ukingo wa kushoto palipokuwa na mawe makubwa chini ya ule ukanda mweusi. Ikasimama wima kama mtu anayeaga. Ikazama.

Ziada alishika kichwa. Mzee Evald akachukua tawi akapekua kati ya mawe, hakuna kitu. Wakamfariji kwa andazi. Wilkister hakuwa na moyo wa kufariji. Alikwishachoshwa na bwawa, akateremka kivyake kwenye magofu ya kiwanda cha kwanza kutafuta jua. Hazikupita dakika tano wakamsikia anaita, si kwa hofu, ila kwa sauti ya mtu aliyeona kitu asichokuwa na mahali pa kukiweka.

Walimkuta amesimama ukingoni mwa shimo la gurudumu. Kwenye ukuta wa mwamba nyuma ya shimo, ndani ya kitundu ambacho kila mtu alidhani ni cha popo, maji yalikuwa yanatoka, si mengi, kama ya bomba lililofunguliwa nusu. Na pamoja na maji ilikuwa inatoka kanga. Ilikuja polepole, imejikunja, kwanza pindo, kisha ua, kisha neno mtalala, kisha usiku, na wote kumi na watatu wakasimama kuitazama inavyozaliwa. Mwisho ikaanguka shimoni, pwaa.

Kisha Mzee Evald akavua kofia yake. Aliitazama, akageuka, akapanda mpaka bwawani kwa mwendo ambao magoti yake hayakuwa yameutumia tangu vita, akaitupa kofia penye mawe makubwa. Wale wa chini wakahesabu. Hesabu ilipofika sabini na tatu, kofia ikatoka.

Baada ya hapo wazimu uliwaingia wote. Wilkister alitupa chungwa, likatoka. Bibi mmoja wa miaka sabini na sita akatupa andazi, nalo likatoka limevimba kama mto wa kulalia. Wakagawana zamu, nusu juu watumaji, nusu chini wapokeaji, wakawa wanapiga mbiu kutoka ngazi hadi ngazi, kijiko cha mbao, kizibo, glavu, ganda la yai lililotoka zima, na kila kitu kikitokeza korongo linajaa vifijo. Ziada alikimbia juu na chini mpaka miguu ikawa haijui ni ya nani, kanga mbichi imemzunguka shingoni, anacheka hadi mbavu zinauma, na katikati ya kicheko akawa anaeleza kwa Kiswidi, kwa yeyote atakayesikiliza, bila kuyatafuta maneno. Ule mshipa mweusi ulikuwa umepasuka vipande vyake vya mraba, maji yakavitoa kimoja kimoja, kukabaki njia ndani ya mlima kutoka bwawani hadi shimoni. Zamani kulikuwa na ukuta uliolipandisha bwawa, njia ikajaa maji mwaka mzima. Ukuta ulipobomoka, bwawa likashuka, mdomo wa njia ukabaki mkavu isipokuwa siku chache za mafuriko ya theluji, na siku hizo nani huja kunywa kahawa kwenye shimo bichi?

Bibi Torborg peke yake hakurusha kitu. Alikuwa amekaa juu ya jiwe na miwani mkononi. Ziada alimwona, akamwendea. Kabla hajafika, Mzee Evald alikuwa amekwishafika, kofia inachuruzika kichwani.

"Torborg," akamwambia, "babu hakusema uongo."

Bibi Torborg alivaa miwani yake. Midomo yake ikatetemeka, na Ziada akajua sasa atalia. Hakulia. Alicheka, kicheko cha chini kilichopanda taratibu mpaka kikamwinamisha, akamshika Evald bega ili asianguke, akasema kwamba miaka arobaini amekuwa akimjengea mzee wa watu mfereji wa mbao, na nguzo zake kazihesabu, nguzo kumi na nne, na hakuna hata moja iliyopata kusimama. Akaomba apewe kitu cha kutupa. Wilkister akampa chungwa la mwisho.

Jumapili iliyofuata walirudi na mtaalamu wa miamba kutoka chuo kimoja cha ufundi, kijana mwenye ndevu na mashaka. Alisema vitu vinaweza kupeperushwa na upepo. Ziada alikuwa amejiandaa. Alinunua pakiti mbili za buluu ya kufulia, akaimimina bwawani mbele yake. Sekunde sabini na tatu baadaye shimo la gurudumu lilitoa maji ya buluu kama anga la Kilosa mwezi wa Juni. Kijana alichukua daftari. Akauliza nani aliyegundua, wote wakamwonyesha Ziada, naye akamgeukia na kuanza Kiingereza cha taratibu. Ziada hakujua Kiingereza. Akamjibu kwa Kiswidi:

"Ufa mkubwa ulifanya korongo. Mshipa wa jiwe jeusi ulifanya njia. Wahunzi hawakuchimba mfereji, mlima uliwachimbia kabla hawajazaliwa. Ndiyo maana kiwanda cha kwanza kiko hapa juu na si pale chini."

Kijana aliandika yote. Kisha, kwa kumchangamkia, akamwuliza kwa Kiswidi cha kila siku kama amekuja kwa basi au kwa treni. Ziada hakuelewa hata neno moja. Siku hiyo pia bata weupe watatu wa jirani wa ghubani walirudi nyumbani na vifua vya buluu, na ilibidi Mzee Evald aende na sanduku la maandazi kueleza.

Habari ile ilitoka gazetini, aya mbili na picha ya kanga. Chama cha historia kikapata nguvu mpya. Wazee walijenga upya ukuta wa bwawa kwa magogo, na majira ya joto ya 1976 gurudumu dogo likasimama shimoni na nyundo moja ya mfano ikagonga. Ziada alikuwa amekwishapita kozi ya Kiswidi cha kalamu na meza, ile aliyoikimbia, akaimaliza kwa mwaka mmoja, maana mwalimu alikuta anazo sentensi ndefu tayari na kilichopungua ni salamu. Mwaka 1977 halmashauri ya kule ikamwajiri kuwa mtunzaji wa mahali pale kuanzia Mei hadi Septemba, na miezi ya baridi akawa anarudi kwenye mashuka. Alipenda yote mawili.

Mwezi wa Juni 1978 walikuja wageni tisa waliokuwa mafunzoni Stockholm, mafundi wa umeme wa maji kutoka Tanzania. Ziada alijipanga kwa hamu. Kwa mara ya kwanza angelieleza korongo lake kwa lugha yake mwenyewe. Akasimama mbele yao, akafungua mdomo, hakuna kilichotoka. Mawe yote alikuwa ameyajua kwa Kiswidi. Alicheka, akawaambia ukweli, akawaomba wamsaidie.

Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Yule mkubwa wao, Kasiani, mtu wa Songea, alisema mahali pale paitwe genge. Anselmo, wa Ukerewe, alisema genge ni ukuta mmoja, hapa kuna kuta mbili, hilo ni korongo. Zephania wa Dodoma alisema korongo la kwao ni la udongo, mvua ikinyesha linahama, hili la mwamba haliwezi kuchangia nalo jina. Wakafika kwenye jiwe lenye mistari, mmoja akasema liitwe jiwe pundamilia, wengine wakamzomea. Wakafika kwenye kimo cha anguko la maji, kwenye ekseli, kwenye meno ya gurudumu, na kila neno lilipata baba watatu. Ziada alikuwa akiandika yote kwenye daftari, anawachochea, anawatenganisha.

Kasiani akamwuliza swali ambalo wageni wengi hawaulizi: ikiwa maji bado yanaanguka na mwamba haujaondoka, viwanda vilikwenda wapi? Ziada alimjibu kwamba mvuke ulipokuja, mtu aliweza kujenga kiwanda popote palipo na makaa, na reli ilipojengwa ikapita mbali na hapa, kwa sababu ukuta uleule ulioubana mto ulilibana na gari moshi. Mlima uliwaita watu, na mlima huohuo ukawafungia mlango. Kasiani akaitazama ghuba, akasema atakapofika kwao ataangalia kwanza reli iko wapi.

Basi la saa kumi liliwapita wakiwa bado kwenye neno la nyundo. La saa kumi na moja liliwapita wakiwa kwenye neno la anguko la maji. Mwishowe wakaamua kutembea mpaka Hallunda kwenye treni, watu kumi katika barabara ya misonobari, jua la Juni halina habari ya kuchwa, Anselmo anatembea kinyumenyume mbele yao ili aendelee kubishana na Zephania uso kwa uso, na Ziada katikati, daftari kifuani, akimwonya kila dakika kwamba nyuma yake kuna mtaro.